Niachie Nyambane, Umchukue Moraa

Kerubo,

Salamu sikuandikii. Tumeamkiana asubuhi na chai tumekunywa pamoja. Umeteremka sokoni kununua godoro la safari, nami nimewafukuza watoto wakacheze nje, nimekaa hapa mlangoni ambapo mwanga bado unanitosha. Macho yangu unayajua. Jua likishaingia nyuma ya kilima, herufi zote zinageuka siafu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijatolewa shule darasa la nne. Ekegusii yangu iko mdomoni tu, na mdomo wangu wewe jana uliukataa.

Jana nilipoanza kusema, ulisema, "Magokoro, tafadhali, mambo yamepangwa, wacha nikunje nguo." Ukakunja nguo. Mimi bibi yako, niliyekulea tangu huna meno, nikaachwa naongea na mgongo wako.

Basi soma. Na usome umekaa, si kusoma ukitembea kama mtu anayeangalia bei ya sukari.

Sitakuambia ufunge mlango wala ujifunike baridi ya Nakuru. Wewe ni mtu mzima. Umepata kazi ya jikoni kwenye shule ya bweni, umepewa chumba, na umeambiwa chumba ni cha mtu na mtoto mmoja, huyo mwingine asubiri mpaka upate nafasi kubwa. Nimeelewa. Baba yao tunajua alivyo, hatumhesabu. Kwa hiyo mtoto mmoja aende na wewe kesho, mmoja abaki na mimi. Na kazi sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na mtoto uliyemchagua.

Umesema Nyambane ni mvulana, ana miaka saba, anataka shule nzuri na mtu wa kumshika. Umesema Moraa ni msichana, ana mitano, ametulia, hatanisumbua, tena atanisaidia. Halafu ukasema lile neno lililonifanya nitafute kalamu. Uliushika mkono wake, ule wenye kovu la chai, ukaupapasa, ukasema, "Huyu alizaliwa mvumilivu."

Nani alikuambia?

Mwaka huu wote umekuwa ukitoka hapa alfajiri kwenda kwa ile hoteli yako mjini Kisii, unarudi watoto wanasinzia. Ukiwaona wewe, wamefanana kama viazi viwili ndani ya blanketi. Mimi ndiye ninayewaona wakiwa macho. Nikiwapa mahindi ya kuchoma, Nyambane anamaliza lake mpaka gunzi, halafu anageuka kuliangalia la dada yake. Moraa analipukuchua kwanza, anatazama ni nani hajapata. Mgeni akifika, Moraa ameshainuka kwenye kigoda kabla mgeni hajavuka kizingiti. Mvulana unamwona miguu tu, kichwa kiko uvunguni anatafuta gurudumu la gari lake. Nyambane akijikwaa kidole, kijiji chote cha Manga kinapata habari. Moraa akijikwaa, utajua kesho ukiona anachechemea.

Mama Bosire, huyu jirani yetu asiyekosa neno, huwa anakaa hapa kwangu na kusema, "Omong'ina, mama mzee, usijisumbue. Wasichana wanazaliwa na akili ya nyumba, wavulana wanazaliwa na miguu." Na mimi kwa muda mrefu nilikuwa namjibu, "Ni kweli." Ni rahisi kusema ni kweli. Unasema ukiwa umekaa.

Lakini wewe umemsahau Moraa wa miaka mitatu? Si yeye aliyempanda bata mzinga wa Mama Bosire kama pikipiki, akiita abiria? Si yeye aliyemuuma mchungaji kidole alipowekewa mkono wa baraka? Mchungaji wa watu alimaliza maombi mkono uko kwapani. Na Nyambane wakati ule alikuwa akiona jogoo analia, anaingia ndani ya sketi yako. Mama Bosire mwenyewe alikuwa anasema hawa Mungu aliwachanganya akiwa anawavalisha. Sasa hiyo akili ya nyumba ilikuwa wapi? Ilichelewa gari?

Nitakuambia ilikotoka.

Mwaka huu magoti yangu yamekataa. Kuinuka kwenye kigoda ni lazima nipange kwanza, kama mtu anayepanga harusi. Mtu mwenye magoti kama haya anatumia mdomo. Na mdomo wangu, Kerubo, ukifunguka hauiti Nyambane. Unaita Moraa. Moraa, lete kijiko. Moraa, fungia kuku. Moraa, angalia uji usifurike. Wala sifikiri. Nyambane anaweza kuwa amekaa hapa hapa, mikono mitupu, ananikanyaga kidole, nami naita Moraa ambaye yuko kule chini kwenye migomba. Kuna siku Nyambane mwenyewe aliniuliza, "Magokoro, mbona mimi huniiti?"

Nikamwambia, "Wewe nikuitie nini? Utavunja."

Akaenda zake, akapanda mti. Angefanya nini kingine? Na jioni nikakuambia, huyu mvulana wako ni wa miti tu, hana kazi. Ukacheka. Tulicheka wote wawili.

Basi siku ile ya chai niliita vile vile. "Moraa, epua chai." Sufuria ilikuwa pana kuliko kifua chake. Ikammwagikia. Hakulia. Aliingiza mkono kwenye ndoo ya maji, akautoa, akaufunika na leso, akaniletea kikombe kwa mkono wa pili. Nikanywa, tena nikamwambia sukari ni kidogo. Ni baadaye nikimvua sweta ndipo ngozi ikafuatana na sweta. Nikapiga kelele: mtoto wewe, mbona hukusema? Akanijibu, "Ulisema umechoka."

Haya yote nilikueleza siku ile ile. Ulinisamehe haraka, ukasema ajali ni ajali. Sikuombi msamaha mara ya pili, mmoja ulitosha. Ninachokataa ni hilo neno lako la kuzaliwa. Hakuzaliwa mvumilivu. Alifundishwa, na mwalimu ni mimi, na mimi ni mwalimu hodari kuliko hao wote wenye vyeti. Mwaka haujaisha na mtoto ameshafuzu.

Sasa nikuambie kuhusu baba yako. Usikunje barua. Najua simu yake ya Krismasi huwa unaiacha ilie mpaka inyamaze, na unasema alikutupa kwangu kama paka. Mimi nimekuacha useme hivyo miaka hii yote kwa sababu nilidhani hasira itakusaidia kusoma. Haikukusaidia kusoma.

Ongeri alikuwa mtoto wangu wa kwanza, na nilimlea jinsi mama wa hapa alivyotakiwa kumlea mvulana. Alipotahiriwa ile Desemba, akatoka akiwa amepakwa mafuta anang'aa, tulimwimbia, na wanaume wakampa nyumba yake ndogo kule mbele ya boma. Kuanzia siku ile jikoni kwangu hakuingia. Hayo ndiyo mafunzo: mwanamume hakai kwenye moto wa mama yake, haulizi ndani ya chungu kuna nini. Wako akina mama waliokuwa wanalegeza kidogo. Mimi sikulegeza. Mimi nilikuwa na majivuno. Nilimbebea chakula mpaka mlangoni kwake, nikaweka chini, nikarudi bila kumtazama, na wanawake wenzangu waliokuwa wakipita njiani walikuwa wanasema, "Yule ndiye mama wa mwanamume." Nilikuwa nasikia raha mpaka kwenye kisigino.

Akaoa, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho, mama yako akamfuata, ukazaliwa. Halafu mama yako akafariki wewe ukiwa bado unatambaa. Tulimzika hapa. Ongeri akanikataza nisikuchukue. Alisema, "Huyu ni mtoto wangu, naenda naye." Hilo hukuwahi kulisikia, sivyo? Alikuchukua. Alirudi Kericho na wewe begani.

Halafu akarudi hapa, siku moja ya mvua. Wewe ulikuwa ndani ya koti lake, midomo imekauka kama ganda la njugu, unanuka soda. Alikuwa anakulowekea ugali kwenye soda. Mtu mzima, ana ndevu, alisimama pale pale nje anapotiririkiwa na maji ya paa, kwa sababu nilikuwa jikoni, na jikoni haingii. Akaniuliza kutoka huko huko nje, "Mama, mtoto anakula nini?"

Mimi nilimwambia, "Leta hapa, mwanamume atajua nini." Nikakutoa kwenye koti. Nilijisikia mshindi. Sikumwambia, ingia, kaa, nikuonyeshe uji wa wimbi unakorogwaje, ni kitu ambacho mtoto wa miaka mitano anakiweza. Angeingia, Kerubo. Siku ile alikuwa ameshindwa kabisa, angeingia hata kwa magoti. Nilimfungia mlango kwa maneno yale na alipoondoka alikuwa analia njiani, Mama Bosire alimwona. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, wewe ukawa unamkimbia kama mgeni. Akapunguza. Ndivyo ulivyokosa baba. Si kwa sababu hakukupenda. Ni kwa sababu hakujua kupika uji, na mimi ndiye niliyehakikisha hajui.

Na si kwamba sikujua mvulana anaweza. Mimi nililelewa na mvulana. Mama yangu alizaa wavulana mfululizo, nikaja mimi mwisho, na hapakuwa na msichana wa kunibeba. Kwetu kila mtoto mchanga anapewa mtoto mkubwa wa kumlea, tunamwita omoreri, na kazi hiyo ni ya wasichana. Basi ikamwangukia kaka yangu Mokua. Alinifunga mgongoni kwa leso ya mama, akaenda nami malishoni. Vijana wenzake walikuwa wanamngojea kwenye njia ya ng'ombe. "Mokua, huyo mtoto wako ananyonya saa ngapi?" Naye anajibu, "Akimaliza kunikojolea." Akawapiga mawe na mimi nikiwa huko mgongoni, kichwa kinayumba.

Sasa wewe niambie, Mokua alizaliwaje? Wazee walikuwa wanashangaa, ule ukoo una mvulana asiyepiga wadogo zake, anayesikia mtoto akigeuka usingizini. Walidhani amerogwa. Hakurogwa. Ukiwa na mtu mgongoni huwezi kukimbia ovyo, na ukikojolewa kila siku unajifunza saa za mtu mwingine. Mkewe alipougua akiwa mzee, Mokua ndiye aliyempikia na kumwosha mpaka mwisho, na hakuona haya. Kaka zangu wengine walioa mara ya pili kabla udongo haujakauka.

Niliyaona yote haya kwa macho yangu, halafu nikaenda kumbebea Ongeri chakula mpaka mlangoni. Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani ni zile sifa za njiani.

Usidhani nimekuwa kama hao wasichana wa redioni wanaosema mvulana na msichana ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Nyambane ana moto kwenye miguu ambao hata Moraa wa bata mzinga hakuwa nao. Ukiwapa wote udongo, mmoja anatengeneza gari na kuligonga, mwingine anatengeneza watu na kuwapa majina. Sikumfundisha mtu hayo. Mungu aliweka kitu kidogo hapo, najua. Lakini alichoweka yeye ni kiasi cha chumvi ya mboga. Sisi ndio tuliokuja tukamwaga mfuko mzima, halafu tukionja tunasema, ala, mboga hii ilizaliwa na chumvi.

Wala usidhani ninaandika kwa sababu ya wema. Ningependa sana kubaki na Moraa. Wewe hujui ninavyopenda. Miguu ikiniuma ananipaka mafuta kabla sijasema. Anajua kikombe changu, anajua dawa ya asubuhi ni ya rangi gani. Nyambane akibaki nitakunywa chai baridi, mwewe atamaliza vifaranga, na nitaita jina lake mpaka sauti ikauke huku yeye yuko juu ya mti akijifanya hasikii. Nimechoka, mjukuu wangu. Si uchovu wa kulala ukaamka. Ni ule wa kuangalia jani la chai shambani na kusema, baki hapo, atakuchuma mwingine. Mtu aliyechoka hivi ukimwachia mtoto mtulivu, hatamrudisha. Atamtumia mpaka aishe, na atakuwa anamsifu kila siku. Mimi najijua. Ndiyo maana nasema usiniachie.

Niachie huyo wa kelele. Yeye nikimchosha atalia, na mimi nitasikia, na nitaacha. Hilo ndilo zuri la Nyambane. Na bado ana muda. Desemba ya kutahiriwa kwake haijafika, mlango wa jikoni bado ni wake. Nitamwonyesha kuosha sufuria, kuchambua mboga ya chinsaga, kukoroga uji. Na ikifika hiyo Desemba nitamwimbia kama nilivyomwimbia Ongeri, siku ya pili nitamwita aje anisaidie kumenya ndizi, na Mama Bosire aseme atakavyosema. Ukimpeleka Nakuru utafanya nini? Utatoka kupikia watoto wa watu, utarudi chumbani kumpikia yeye, umpakulie, utoe sahani. Nakujua, nilikulea mimi.

Leo ulipoondoka niliwaita wote wawili. Nilianza na Nyambane, ilibidi niulazimishe mdomo. Nikamwambia, "Wewe huenda ukabaki na mimi."

Akaniangalia. "Na maji atachota nani?"

"Wewe."

"Magokoro, maji ni ya wasichana."

"Basi usinywe."

Akafikiri, unajua anavyofikiri na ulimi nje. "Na chai?"

"Chai yangu au yako?"

"Yangu."

"Utapika yako, na yangu iwe ndani yake."

Akaona ni sawa. Tukaanza hapo hapo. Nilimpa ile sufuria ndogo, nikabeba magoti yangu nikakaa naye kwenye moto, sikuondoka. Amemwaga maziwa, amepuliza moto mpaka majivu yakapanda yakaingia kwenye chai. Nimekunywa yote. Ilikuwa mbaya sana, nikamwambia ni mbaya, akasema kesho itakuwa nzuri. Hakukasirika hata kidogo.

Aliyeteseka ni Moraa. Alikuwa amesimama nyuma yetu anahema. Kila Nyambane akikosea, mikono yake inatoka yenyewe, nami namshika gauni namrudisha. Mwisho nikamweka mbele yangu, nikamwambia, "Na wewe huenda ukaenda Nakuru na mama." Nilidhani atarukaruka. Wewe ungemwambia Nyambane hivyo angevunja kiti.

Aliniuliza, "Huko nitamlea nani?"

"Hakuna mtu."

"Hata mtoto wa jirani?"

"Hata wa jirani."

Akanitazama kama mtu aliyefukuzwa kazi. Kerubo, midomo yake ilitetemeka, na mimi nikafurahi, nikasema moyoni, lia, mama, lia leo. Hakulia. Aliyameza yote. Akaniuliza, "Sasa nitakuwa nafanya nini?"

Umri huu wote, nimezaa, nimezika, nimelea wa kwangu na wa wengine, na mtoto wa miaka mitano aliniuliza msichana anafanya nini akiwa hana wa kumhudumia, nikakosa jibu. Nikamwambia, "Utamuuliza mama yako mkiwa njiani."

Mimi siwezi kukushinda nguvu. Ukiamua kesho umshike Nyambane mkono, utamshika, nami nitawapungia kwa hapa mlangoni, na Moraa atakuwa amesimama kando yangu tayari kuitwa. Lakini ukimchukua yeye, ujue atakuuliza, maana swali lake hajalisahau, amekaa nalo pale chini ya mgomba saa hii. Akikuuliza, chukua muda wako ufikirie.

Usimtafutie kazi.

Ni mimi,
Magokoro aliyekutoa kwenye koti